Vipepeo wa Temeke Hawaendi Mbagala

Jumatatu, 2 Juni 1952

Katika Temeke nzima, na nikisema Temeke natia na Chang'ombe humo humo, hakuna kijana mwenye akili kama mie Marselino. Hii si majivuno, ni habari tu. Gavana mwenyewe lau angejua kwamba nakaa huku kwa shangazi yangu, angeagiza kiti cha pili kiwekwe karibu na chake, asinywe chai kabla ya kuniuliza la kufanya.

Nimesoma mpaka darasa la nne. Ningeendelea, ila mwalimu na mie tulikosana kwenye hesabu za kugawanya. Sikuona kwa nini vitu vizima vikatwekatwe.

Kazi yangu ya sasa ni ya kitaalamu. Namlindia Bwana Wavu vipepeo. Jina lake halisi lina herufi nyingi na zote zinapigana, ndiyo maana mji mzima unamwita Bwana Wavu, kwa ule wavu wa shashi anaotembea nao begani. Anataka kujua jambo moja tu. Kipepeo aliyezaliwa kwenye nyasi za hapa, je, huenda kwenye nyasi za kule? Na akienda, hufika wapi? Basi ana mbuga mbili ndogo za nyasi. Moja ni hii yangu, nyuma ya nyumba za mwisho za Temeke. Ya pili iko Mbagala, mbali huko kwenye barabara ya Kilwa, na mlinzi wake ni Albano, ambaye sitaki kumwandika leo nisije nikakosa hamu ya kula. Mie nakamata kipepeo, namtia nukta moja nyekundu chini ya bawa, namwachia. Albano anatia nukta moja ya buluu. Mwekundu akionekana Mbagala, amesafiri. Wa buluu akionekana kwangu, kasafiri vilevile. Basi. Mtu mzima amevuka bahari kwa ajili ya hilo! Shangazi Filomena aliniuliza kama Mzungu huyu hana wazee kwao wa kumkalisha kitako.

Sasa habari kubwa. Imeletwa na karani wake, Gozbert, Muhaya wa Bukoba, anayevaa tai hata jua la saa sita. Bwana katikati ya mwezi huu anakwenda Tabora kwa gari moshi, kutafuta nyasi nyingine. Atachukua kijana mmoja. Ama mie ama Albano.

Gari moshi! Mie sijapanda gari moshi hata siku moja. Nakiri humu tu. Mtaani nimeshapanda mara mbili mpaka Morogoro na sikutapika.

Gozbert hakusema Bwana atachaguaje. Hakuna haja. Nina masikio ya kusikia yasiyosemwa. Mzungu anayetafuta vipepeo wa kusafiri atamchukua nani? Atamchukua mwenye vipepeo waliosafiri. Vipepeo wangu wakifika Mbagala, mie nafika Tabora.

Jumatano, 4 Juni

Tabu tupu. Vipepeo wangu ni wavivu.

Wale wadogo wa njano ndio wabaya kuliko wote. Wanacheza, wanazunguka, wanakwenda mpaka ukingoni, pale nyasi zinapoishia na vumbi la barabara linapoanza. Hapo wanageuka kama wameona askari. Mmoja nilimtia nukta asubuhi. Jioni nikamkuta kichaka kile kile, tawi lile lile. Nilimwambia, ndugu yangu, huoni aibu? Hata mie nimefika Ubungo.

Nikaamua kuwasaidia. Nilichukua gunia, nikaingia mbugani kutoka upande wa nyumba, nikawa nawapunga kuwaelekeza barabara ya Kilwa. Waliinuka wengi, wakapendeza! Nikawakimbiza huku nimeinua macho. Ndipo nikaingia kwenye shimo la jirani anakochimba udongo wa kukandikia nyumba. Nilipotoka, wao walikuwa wamesharudi. Nadhani baadhi walikuwa wananitazama.

Nikajaribu moshi. Niliwasha majani makavu, upepo ukitoka kwangu kwenda Mbagala. Upepo ukabadili nia. Moshi wote ukaenda kukaa kwenye nguo za shangazi zilizoanikwa. Shangazi alinieleza kwa urefu ukoo wangu ulivyo, akasahau kwamba ni wake pia.

Jioni Gozbert alipita. Akasema mpaka sasa hakuna mwekundu hata mmoja aliyeonekana Mbagala, wala wa buluu aliyeonekana hapa. Nikauliza kama Bwana amekasirika. Akasema hapana, Bwana amesema hilo nalo ni jibu.

Mie na Tabora yangu hatulitaki jibu hilo.

Jumamosi, 7 Juni

Leo sina budi kumwandika Albano, maana alikuja.

Albano ni Mngoni. Mie ni Mmwera wa Ndanda. Babu zao waliwapiga babu zetu, au babu zetu waliwapiga wao, inategemea nani anasimulia. Kwa hiyo sie ni watani. Mtani akikutukana, unacheka. Mtani akichukua chako, unacheka. Mie nami nina haki ya kumfanyia vivyo hivyo, ila kila mara namkuta yeye ameshatangulia.

Alifika chakula kinapakuliwa. Si kabla, si baada. Akamwamkia shangazi shikamoo kwa adabu, nusura apige magoti. Kisha akakaa mahali pangu, akala samaki wangu, akaniambia Wamwera tushukuru kwamba Wangoni walituachia meno. Shangazi akacheka hadi akashika mlango. Nikasema Wangoni waliacha meno kwa sababu walikuwa wanakimbia. Shangazi hakucheka sana. Nilikosea nafasi.

Halafu akanivua kofia yangu! Ile ya kaki niliyopewa na Bwana kwa kazi. Yake ameipoteza, kwa hiyo akaivaa yangu, akasema ni ngawira ya babu yake, ilichelewa tu kuchukuliwa. Nikamwomba kiungwana. Akanijibu, "Ifuate Songea, mtani, na uje na mikuki." Nimshtaki kwa nani? Nikimwendea mzee yeyote wa Temeke kumshtaki mtani wangu, nitachekwa mie mpaka Krismasi.

Wakati wa kuaga akasema vipepeo wake wa Mbagala ni Wangoni hasa, si kama hawa wangu wanaoogopa vumbi. "Siku hizi hizi nitakutumia mgeni. Fagia uwanja." Akaondoka na kofia yangu kichwani, analalamika mwili unamuuma na baridi inamwingia. Nikamwambia ni samaki wangu huyo, anadai haki yake.

Jumapili, 8 Juni

Akili imenijia kanisani, katikati ya mahubiri, ambapo akili zangu nyingi kubwa hunijia.

Kwa nini nimsukume kipepeo aende Mbagala? Mbagala vipepeo wapo tayari! Kinachokosekana huko ni rangi tu. Na rangi ina kopo, na kopo lina mpini, na mie nina mikono!

Nilikaribia kupiga kelele za shangwe. Padre alidhani nimeguswa na neno lake.

Baada ya misa nikaazima baiskeli ya fundi cherehani. Mnyororo ukachomoka nilipofika Mtoni. Nikaurudisha. Ukachomoka tena kwenye daraja la mto Kizinga. Kutoka hapo nilikuwa naisukuma zaidi kuliko inavyonibeba, jua la utosi, na kofia yangu iko kwa Mngoni. Nikapita minazi, mihogo, minazi tena. Nilijiuliza hata mie, kipepeo wa nini ajitie shida zote hizi.

Mbagala nikaambiwa Albano hayupo mbugani, amelala kwa kaka yake. Vizuri sana. Fundi hahitaji watazamaji.

Niliwakamata kwa shati. Wa njano wale wale, ndugu za wangu, wavivu vilevile. Nukta zangu za leo zilikuwa kubwa kidogo, kwa haraka. Mmoja aliruka upande upande kama mlevi kwa uzito wa rangi. Nikiwa nainama, nikaona bibi mmoja aliyekuwa anachuma mchicha amesimama ananitazama. Shikamoo bibi. Marahaba. Akaniuliza nawatia nini. Nikasema alama. Akauliza ya nini. Nikasema ijulikane wametoka wapi.

Akafikiri. Akauliza kama siku hizi na vipepeo wanalipa kodi ya kichwa.

Nikasema bado, bibi.

Akafunika kapu lake, akaondoka kwa njia ya nyuma, huku anasema kwa sauti kwamba kwake hakuna hata mmoja, waje watazame.

Nyumbani shangazi akaona wekundu kwenye shati langu la kanisani. Nikamwambia ni damu, nimemwokoa mtoto kwa mbwa mkali. Akalinusa shati. Akanipa mafuta ya taa na kitambaa, chakula hakunipa.

Njaa inauma. Lakini nikifumba macho nasikia gari moshi.

Alhamisi, 12 Juni

Leo Albano alijaribu kunichezea. Lakini kamchezea nani!

Asubuhi, umande haujakauka, nakuta kwenye kichaka changu mwenyewe kipepeo wa njano mwenye rangi ya buluu chini ya bawa. Buluu! Moyo uliruka. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimwite Gozbert, ambaye leo yuko kwenye nyumba ya Bwana mjini na asingenisikia hata hivyo.

Halafu nikachuchumaa nikafikiri, kama ilivyo desturi yangu. Albano aliniahidi nini? Mgeni. Mtani akiahidi hivyo, halali mpaka atimize. Kwa vyovyote alimleta alfajiri ndani ya kopo, akamweka hapa, na sasa amejificha nyumba fulani anasubiri nikimbie mtaani kupiga kelele, ili atokee mbele ya watu aseme, "Mtazameni Mmwera, anapokea kipepeo kama anapokea mkwe!" Nikachungulia nyuma ya nyumba zote. Simwoni. Kajificha vizuri, hilo nampa.

Lakini kazi yenyewe mbovu! Sote tulifundishwa nukta moja. Huyu katiwa mbili. Mbili! Ndogo ndogo, zimekaa pamoja kama macho ya panya. Hata kutia nukta hajui. Na kipepeo mwenyewe kachagua mkuukuu, bawa limechanika pembeni, amechoka, hata nilipoinama hakuruka. Mgeni gani huyo wa kumtumia mwenzio?

Nikamshika bawa. Nikatia mate kidoleni, nikasugua. Buluu ikatoka. Njano nayo ikatoka, ikabaki kidoleni kama unga. Kisha bawa likatoka. Kilichobaki nikakiweka chini kwenye nyasi, siafu wanajua kazi yao.

Samaki wangu kalipwa. Mtani, sasa tuko sawa.

Sikumwambia mtu. Nimekula vizuri, nimelala mchana.

Ijumaa, 13 Juni

Ushindi!

Gozbert kaja mbio kwa baiskeli, tai imepeperuka iko mgongoni. Bwana amewaona wekundu Mbagala! Wiki hii, kwa macho yake! Kwanza alikaa chini kwenye nyasi. Kisha akavua kofia. Kisha akampa Gozbert mkono, na Gozbert anasema tangu aanze kazi hajawahi kupewa mkono. Alikuwa bado anautazama.

Mie nikajibu taratibu kwamba hayo ndiyo mambo ya kutarajia kwa kipepeo yeyote wa Temeke. Gozbert akaacha kuutazama mkono wake, akatazama vidole vyangu. Nikavitia mfukoni.

Kutoka hapo nimetangaza safari. Nimetangaza bombani, kwa fundi cherehani, kwa muuza mkaa. Kila mtu kaniagiza asali ya Tabora. Nimeahidi wote. Fundi kaniazima sanduku la bati, akasema nilirudishe zima kuliko nilivyorudisha baiskeli. Shangazi kanipigia pasi shati, doa likaangukia ndani ya suruali, halionekani nikisimama wima. Kanikaangia karanga kifuko kizima. Akanionya nisitoe kichwa dirishani, akalia kidogo, akasema ni moshi wa jiko.

Nimepakia kila kitu. Nimekalia sanduku kwa muda mrefu, najizoeza kuyumba.

Jumapili, 15 Juni

Bwana alikuja mwenyewe. Mpaka hapa, nyumba ya shangazi! Majirani walipanga mstari kama wanapokea maiti ya mtu mkubwa. Akanipa mkono. Akasema maneno mengi ya Kiingereza, Gozbert akatafsiri.

Alisema hajawahi kuona nyasi kama hizi za Temeke. Vipepeo wake wanavuka mto, wanavuka minazi na nyumba za watu, wanafika Mbagala. Nikatikisa kichwa kukubali, kwa upole. Akasema mbuga ya namna hii haiwezi kuachwa bila mlinzi wake hata siku moja. Nikaendelea kutikisa kichwa. Akasema kwa hiyo Marselino atabaki.

Nikakiacha kichwa.

Albano ndiye atakayekwenda Tabora, kwa sababu vipepeo wake hawaendi popote, na mbuga yake ikikaa bila mtu hakuna kitakachopotea. Nikamwomba Gozbert atafsiri tena. Akatafsiri tena, polepole, kwa Kiswahili safi kuliko mara ya kwanza. Nadhani aliona raha.

Kisha Bwana akanivuta pembeni, sauti imeshuka. Akajitahidi mwenyewe kwa Kiswahili chake, Gozbert akimsaidia. Je, sikuona wa buluu huku? Hata mmoja? Maana Albano aliugua homa siku ile ile aliyotoka kula kwetu. Alilala kwa kaka yake wiki nzima, hakutoka kitandani mpaka jana. Wiki hiyo Bwana ndiye aliyetia rangi Mbagala, kwa mkono wake. Na ili asichanganye wa kwake na wa Albano, wake aliwatia nukta mbili.

Mbili. Ndogo ndogo.

Akasema wale wekundu wamemfurahisha sana. Lakini yule ambaye angekuwa amempaka yeye mwenyewe, akamwona ameruka Mbagala, halafu akasikia amefika Temeke! Alikuwa anatazama juu ya kichwa changu, kwenye nyasi, kama mtu aliyemtuma mtoto dukani na jua linazama.

Nikasema, "Hapana, Bwana. Sikuona."

Akanipiga bega. Akasema tusichoke kutazama.

Jumanne, 17 Juni

Gari moshi limeondoka jana jioni. Nilikwenda stesheni. Sikwenda kwa uchungu, nilikwenda kukagua kama kweli linaondoka.

Albano alikuwa dirishani, amekonda kwa homa, kichwani kofia yangu. Akapiga kelele stesheni nzima isikie, "Ee Mmwera! Linda nyumba, Wangoni tunasafiri!" Watu wote wakacheka. Nami nikacheka, ndiyo sheria. Nikamwambia atoe kichwa dirishani zaidi, shangazi kasema ni salama.

Filimbi ilipolia akaniinamia, akasema kwa sauti ya kawaida kwamba ananisamehe samaki mbaya, na nimsamehe kwa kukosa kunitumia yule mgeni wa ahadi. Homa ilimzuia. Akirudi atamleta.

Nikamwambia asijali.

Kusema kweli si vibaya. Kazi ninayo. Kofia mpya nimeahidiwa. Karanga za safari nazila humu humu nyasini, tamu sana. Wenye asali zao nitawaambia mwaka huu nyuki wa Tabora wamegoma. Sanduku la fundi nimelirudisha zima, akashangaa.

Na nimeshapata la kufanya. Shangazi ana buluu ya kufulia. Nimeikoroga nzito, nimekamata wa njano mmoja, nimemtia nukta mbili, ndogo ndogo, pamoja. Zimetoka nzuri kuliko za Bwana, nasema bila kujisifu. Bwana akirudi atamkuta. Mvua ikimwosha nitapaka mwingine, wapo tele. Bwana atalia kwa furaha, na safari ijayo sitakuwa mie wa kubaki.

Kitu kimoja tu kiliharibika kweli, nacho nakiandika hapa kwa kuwa hapa hasomi mtu. Yule wa kwanza alikuja mwenyewe. Mto Kizinga aliuvuka, na minazi yote ile, na nyumba za Mtoni, bila baiskeli, bawa limechanika, akafika kichakani kwangu akatua. Nami nikampokea kwa mate.

Huyu mpya nimemtazama tangu asubuhi. Ametoka kichakani, akaenda mpaka ukingoni, vumbi linapoanzia. Akageuka.